Lita Moja ya Mafuta Mekundu

Mzee Tela akipanda gari hutanguliza makalio. Hufungua mlango, huegemeza gongo lake kwenye bodi, hukaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeonja maji ya kuoga, kisha huuvuta mguu wa kulia ndani kwa mikono miwili. Mguu wa kushoto haupo. Ulikatwa juu ya goti miaka kumi na miwili iliyopita, kwa sababu ya kisukari na lengelenge moja lisilozidi punje ya harage. Lengelenge lilitokana na kiatu, na kiatu kilikuwa cha mguu wa klachi. Alikuwa ameendesha lori la tela miaka ishirini na sita, ndiyo asili ya jina. Hata mkewe humwita Tela. Akiwa amekasirika humwita Bwana Tela, na hapo ujue chakula kimepoa.

Baada ya kukatwa mguu, alikaa kibarazani mwaka mzima akisikiliza magari ya watu. "Huyo amelala kwenye klachi," husema. "Yule gia ya pili kaichelewesha." Wageni walimletea matunda na kumsemesha kwa sauti ya juu, kana kwamba daktari alikata na sikio. Akitaka kwenda mahali, anapakiwa. Mmoja anamshika kwapani, mwingine anamkunjia gongo, wa tatu anauliza, "Umekaa vizuri, mzee?" Mtu aliyebeba tani thelathini kuvuka milima, leo anaulizwa kama amekaa vizuri.

Ndipo likapatikana lile gari la buluu. Lilikuwa la mwenye duka la dawa aliyefariki, limelala chini ya turubai, refu kama jeneza la tajiri, umri wake unawapita watu wengi wanaolicheka. Gia zake hujiingiza zenyewe. Kijiti cha gia kiko nyuma ya usukani, na pale chini kuna pedeli mbili tu, eksileta na breki. Mzee Tela aliinama dirishani, akazihesabu zile pedeli, akazihesabu tena. "Hili nalo limekatwa mguu," akasema. Wakaondoka pamoja siku ileile.

Kuanzia hapo akarudi kubeba. Mkewe ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na sare zile hupelekwa madukani na Mzee Tela. Jirani mwenye presha hupelekwa kliniki na Mzee Tela. Majuto yote ya ule mwaka wa kibarazani aliyafungia kwenye buti la gari, akatupa ufunguo.

Na alilitunza. Kila asubuhi kabla ya chai, gari likiwa baridi, injini haijaguswa, hufungua boneti, huchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, hukifuta kwa kitambaa cheupe, hukirudisha, hukichomoa tena, husoma. Kisha hufanya vilevile kwa kijiti cha pili, cha mafuta ya giaboksi, yale mekundu kama sharubati. Bosi wake wa kwanza alimfundisha hivyo akiwa bado utingo: pima kabla hujawasha, ukishawasha utapimiwa uongo. Kwa miaka kumi na moja hakuruka hata siku moja. Mafuta mekundu yakishuka chini ya alama, huongeza yakagusa alama, hayapiti. Gari lenyewe lilikuwa na tabia moja tu. Ukiliweka gia, linatulia kwanza, moja, mbili, tatu, ndipo linashika. "Lina adabu," Mzee Tela alikuwa akisema. "Haliitiki kabla halijasikia vizuri."

Mwaka huu likaenda kwenye ukaguzi. Siku hizi magari yaliyozeeka hutandikiwa kadibodi nyeupe chini ya tumbo, injini ikiwa inanguruma, dakika kumi. Mkaguzi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akaivuta ile kadibodi na kumwonyesha. Tone jekundu, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Mzee wangu, gari linavuja."

"Hilo si kuvuja, mwanangu. Linatoa jasho. Hata wewe ukisimamishwa juani dakika kumi utatoa."

Mkaguzi alicheka, lakini kalamu haikucheka. "Likakaushwe hilo jasho. Una siku thelathini. Likishindwa mara ya pili nang'oa namba, na kwa gari la umri huu namba zikishang'oka hazirudi. Sheria siyo yangu, baba."

Ikawa hivyo. Gari lile lisipopita, Mzee Tela hana lingine. Magari ya pedeli mbili ya kisasa yapo, anayaona yakipita, kama mtu anavyoiona ndege.

Wiki tatu za kwanza alizipoteza kwa ujuzi wa barabarani. Aliingia chini ya gari kwa mgongo na kupaka sabuni ya mche kila palipokuwa na unyevu, maana sabuni iliwahi kumzibia tangi la dizeli akasafiri siku mbili. Wiki ya nne, Jumanne, siku tatu kabla ya ukaguzi wa pili, akakubali yaishe, akalipeleka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye gereji ndogo ya shimo moja. Huyo huitwa Miwani. Anazo mbili, moja puani ya kuonea karibu na nyingine kwenye paji la uso ya kuonea mbali, na akizichanganya hukusalimia kwa jina la mtu mwingine.

Miwani akaingia shimoni na taa. Akagusa tumbo la gari, akanusa kidole.

"Shem, umepaka nini huku?"

"Sabuni."

"Ulikuwa unalitengeneza au unaliogesha?"

"Sabuni imenifikisha mbali kuliko ulikowahi kufika wewe na hilo shimo lako."

"Lile lilikuwa tangi la dizeli, shem. Hili giaboksi. Ukiendelea hivi litatoka povu, tulipeleke kwa mganga."

Alilisafisha tumbo lote kwa mafuta ya taa, akalikausha kwa matambara, kisha akatoa kopo la poda ya watoto na kulipulizia mpaka likawa jeupe. Mzee Tela, aliyekaa juu ya kreti akichungulia, hakuweza kujizuia. "Ajuza wa umri huu unampaka poda?"

"Nampaka ajisaliti. Washa."

Likanguruma robo saa. Juu ya poda ile nyeupe ikaanza kujichora mistari myembamba, myekundu, kama uzi unaotoka kwenye mshono. Sehemu tatu. Paipu inayopeleka mafuta kwenye rejeta ilikuwa na ufa. Kimpira cha sili, pale fimbo ya gia inapoingia, kilikuwa kimekauka kama ganda la karanga. Na gasketi, karatasi ngumu inayoziba mdomo wa sampu, lile bakuli la bati lililo chini kabisa linaloshika mafuta, ilikuwa imekwisha. Miwani akasema yote matatu yanatibika. Mzee Tela akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mwezi uliopita.

Jumatano asubuhi Miwani akafungua sampu. Alilegeza boliti zote, akalishusha bakuli taratibu kifuani kwake, akalitoa hadi kwenye mwanga. Hapo akabadilisha miwani, kisha akaibadilisha tena.

Mafuta yaliyoonekana mekundu kwenye tone na kwenye kijiti, yakiwa mengi bakulini hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na yalinuka kuungua. Chini yake kulikuwa na tope jeusi. Alilisugua kwa kidole gumba na cha shahada, likawa kama masizi yaliyochanganywa na unga wa bati. Ndani ya giaboksi ya namna ile mna visahani vingi vyembamba, vinavyokamatana na kuachiana ndani ya mafuta, na huko kukamatana ndiko kunakolisukuma gari. Visahani vikikosa mafuta ya kutosha vinasuguana vikavu, vinaungua, vinageuka lile tope. Matone ya kadibodi hayangeweza kufanya uharibifu ule. Mtu huyu aliongeza mafuta kila yaliposhuka. Sasa njaa ile ilitoka wapi?

"Shem," akaita kutoka shimoni, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hivi haya mafuta ya gia huwa unayapimaje?"

Mzee Tela akaeleza kwa raha, kama mtu aliyeulizwa kuhusu mtoto wake aliyefaulu. Asubuhi. Baridi. Haijawashwa. Kitambaa cheupe. Mara mbili. "Miaka kumi na moja, shem. Hata siku niliyokuwa na homa, dada yako alinishika kiuno nikapima."

Miwani akasema, "Sawa." Kisha akalifunika lile bakuli kwa tambara.

Maana gia zile hazipimwi kama injini. Zinapimwa gari likiwa linawaka, limeshapata moto. Ukizima, mafuta yaliyokuwa juu yanazunguka yote huteremka na kujaa bakulini, na kijiti kinakuonyesha shibe isiyokuwepo. Kwa miaka kumi na moja Mzee Tela aliona alama imeguswa, akafunga boneti na dhamiri safi, na giaboksi ikaenda kazini na njaa ya lita nzima. Ile adabu ya moja, mbili, tatu ilikuwa ni kuishiwa nguvu.

Mchana mkewe akaja na chupa ya chai. Mzee Tela alikuwa nje getini, akibishana na muuza betri kama lori la zamani lilikuwa na gia kumi au kumi na mbili. Yule mama akamkuta kaka yake amepiga magoti juu ya karatasi ya gasketi. Gasketi ya gari lile haiuzwi popote, kwa hiyo Miwani huikata mwenyewe. Hutandaza karatasi juu ya mdomo wa sampu na kuigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, mpaka bati lenyewe liikate.

"Kaka, litapona?"

"Kuvuja litaacha." Nyundo ikaendelea. "Ndani limeungua, dada. Nikilijaza sawasawa na likabembelezwa, laweza kwenda mwaka. Miaka miwili, Mungu akipenda. Zaidi ya hapo sikudanganyi."

"Limeunguzwa na nini?"

Akamwambia. Yule mama akakaa juu ya tairi bovu, chupa ya chai mapajani.

"Usimwambie."

"Asipojua atapima tena vilevile."

"Kaka, siku ile ya mguu, daktari alimwambia mbele ya watu, 'Mzee, ungeutazama wiki mbili kabla, ungebaki nao.' Hakunitazama usoni mwezi mzima. Mpaka leo huo mguu mmoja anaukagua kila jioni, kidole kwa kidole. Kupima ndicho kitu pekee anachojua hajakikosea. Sasa na hicho tumnyang'anye?"

"Na ukaguzi Ijumaa?"

"Ijumaa ipite kwanza. Akishapita tutamwambia taratibu, akiwa ameshiba, akiwa na furaha. Nakuomba, kaka."

Miwani si mtu wa kumkatalia dada yake. Akafunga gasketi mpya, akakaza boliti kwa mkono mwepesi, moja huku, ya pili upande wa pili, maana ukiikaza sampu kwa hasira unaipinda. Akabadilisha paipu na sili. Alhamisi alimweka Mzee Tela kwenye usukani, mguu kwenye breki, injini inawaka, akawa anamwagia mafuta mapya kidogo kidogo huku akimwamuru apitishe kijiti kwenye gia zote. Alipima yeye mwenyewe, akiwa amempa mgongo shemeji yake. Akaongeza ile lita iliyokuwa ikikosekana, mafuta yakafika panapotakiwa.

"Weka gia, shem."

Mzee Tela akavuta kijiti cha gia na kuanza kuhesabu, kama kawaida yake. Hakufika mbili. Gari lilishika palepale, likasogea mbele kwa ulaini wa mtu anayesogezewa kiti.

"Shem!" alipiga kelele. "Shem, limekuwa kijana!" Akazunguka uwanja wa gereji mara tatu, gongo likirukaruka kiti cha nyuma, na wale waliokuwa wakinunua betri wakasimama kumtazama. Mkewe, aliyekuwa ameleta chai tena, alitazamana na kaka yake mara moja tu.

Wakati wa kuondoka Miwani akashika dirisha. "Kesho usipime. Nimeshapima mimi."

"Dereva asiyepima, shem, ni abiria aliyekaa mbele."

"Niamini siku moja tu."

"Nakuamini."

Na alimwamini, si uongo. Ila mkono una mazoea yake. Ijumaa asubuhi kitambaa cheupe kilikuwa mkononi kabla hajakumbuka. Injini baridi, haijaguswa. Kijiti cha pili kilipotoka, mafuta mekundu, mazuri, yanayong'aa, yalikuwa yamepanda juu ya alama kwa upana wa vidole viwili. Alifuta, akarudia. Vidole viwili.

Hakukasirika. Alimhurumia shemeji yake, mtu wa miwani mbili, macho yanakwenda. Akaiona ile kadibodi nyeupe akilini. Mafuta yakizidi hutafuta pa kutokea, hilo kila dereva analijua, na tone moja tu linatosha. Akachukua bomba kubwa la sindano analotumia kwa maji ya betri, akaliunganisha na mpira mwembamba, akaupitisha kwenye tundu la kijiti, akafyonza polepole mpaka kopo likajaa. Lita moja. Alama ikaguswa, haikupita.

Ndani, mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alisikia boneti likifunguliwa, ambalo hufunguliwa kila siku, na akasikia likichelewa kufungwa. Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Angeweza kutoka. Angetoka, angeulizwa kwa nini, na lile "kwa nini" ndilo alilokuwa akilikimbia tangu Jumatano. Boneti likafungwa. Akashusha sindano, akaendelea kushona.

Kule kwenye ukaguzi Miwani alikuwa ameshafika, ameegemea pikapu yake. Kadibodi ikatandikwa. Dakika kumi. Mkaguzi akaivuta, akaigeuza huku na huku.

"Safi, mzee wangu! Hata nzi hajanya hapa."

"Nilikwambia ni jasho."

"Limebaki hilo la mlima tu, halafu nenda zako nyumbani."

Mlima wenyewe ni tuta refu la zege lililojengwa uwanjani, mwinuko wa kawaida. Gari hupanda hadi katikati, husimama, breki hupimwa, kisha huondoka tena kwenda juu. Mzee Tela alipanda, ingawa injini ililia zaidi ya jana. Akasimama katikati, pua ikitazama mawingu. Breki zikashika vizuri. Mkaguzi akampungia mkono aendelee.

Akaachia breki, akakanyaga eksileta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Kwenye mwinuko, yale mafuta machache yalikuwa yamekimbilia nyuma ya sampu, pampu inavuta hewa. Mzee Tela akahesabu moja, mbili, tatu. Akafika saba. Akakanyaga zaidi, kama anayemsihi mtu asiyesikia. Ikaanza harufu, harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Gari likarudi nyuma kidogo, na Miwani akakimbia na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi.

"Zima, mzee wangu," mkaguzi akasema. "Zima, baba. Inatosha."

Walilishusha kwa kulisukuma. Miwani akafungua boneti, akaja dirishani. Mzee Tela alikuwa bado ameshika usukani.

"Sielewi, shem. Halijadondosha hata tone. Na ile lita uliyozidisha nimeipunguza mwenyewe."

"Umepunguza?"

"Asubuhi. Sikutaka kukusema mbele ya mtoto wa watu. Kila fundi hukosea."

Miwani akavua miwani ya puani, akavua na ile ya paji la uso, akabaki na uso mtupu kama mtu ambaye Mzee Tela hamfahamu. Kwanza alikimbilia pikapu, akaleta kopo la mafuta, akamwomba mkaguzi dakika kumi. Yule binti akampa, na hakutazama saa. Walijaza, wakawasha, wakaweka gia pale pale chini, kwenye tambarare. Gari likasogea hatua moja, kisha injini ikazunguka peke yake, huru, haishiki chochote. Visahani vilivyokuwa vimebaki vilikuwa vimeungulia kule mlimani.

Ndipo akamwambia, amechuchumaa kando ya mlango, jinsi gia zile zinavyopimwa.

Mzee Tela alisikiliza mpaka mwisho. "Tangu siku ya kwanza nilipolinunua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi, shem."

"Wewe ulijua lini?"

"Jumatano. Nilipofungua sampu."

"Na dada yako?"

Miwani akatazama chini. "Anajua."

Mzee Tela akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Mngeniambia, nisingeigusa," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Mmenipakia. Mmenipakia nyuma na turubai mkafunga." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mkaguzi aling'oa namba mwenyewe. Ya mbele ilitoka, ya nyuma skrubu ilikuwa na kutu, akaomba spana, na spana aliyokuwa nayo mtu karibu ilikuwa ya Miwani. Akampa.

Gari likafungwa kamba kwenye pikapu. Gari linalovutwa linahitaji mtu kwenye usukani, na Miwani alipokuja kusema hilo, aliambiwa kabla hajafungua mdomo, "Usinipe usukani kwa huruma."

"Si huruma, shem. Kamba haina macho wala breki. Na mimi siwezi kukaa kote kuwili."

Basi akaliongoza. Injini ikiwa imezimwa, usukani ulikuwa mzito na breki ngumu kama kukanyaga ukuta, lakini kamba haikulegea hata mara moja, wala haikuvutwa kwa kishindo. Kwenye kona aliwasha taa ya kuonyesha anaelekea kushoto, ingawa kila mtu aliona kamba. Miwani alimtazama kwenye kioo njia nzima. Mzee Tela alitazama kamba.

Mkewe alikuwa mlangoni. Sare za Jumatatu zilikuwa zimekunjwa tayari kwenye mfuko mkubwa, miguuni pake. Aliona pale pasipo na namba, akatembea hadi kwenye gari, akafungua mlango, akatoa gongo kiti cha nyuma na kulishika bila kumkabidhi.

"Bwana Tela," alianza, na mara hii hakuwa na hasira.

Mzee Tela alibaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Kisha akainua mkono wa kushoto kidogo, akafungua kwapa.

"Shikeni," akasema.

Kaka akashika upande mmoja, dada upande wa pili. Wakamtoa.